Damu Ikisimama

"Damu ikikimbia maji, ikisimama uji." Mmeisikia kwangu, wanafunzi wangu, mkadhani ni ya wahenga. Haina hata miaka ishirini, na ilizaliwa humu humu maabara, tunamokokotoa mwendo wa damu kwa kompyuta.

Mwaka huo nilikuwa nimefiwa na mke wangu, Sekela. Nilifika chuoni wa kwanza na kuondoka wa mwisho, kwa sababu nyumbani hapakukalika. Watu walinisifu kwa bidii yangu.

Daktari Mwafongo akaniletea picha za moyo wa Bi. Nyamizi, muuza dagaa. Mshipa wake mmoja ulikuwa umetuna. Daktari alitaka kompyuta ionyeshe kama damu inapita vizuri kwenye ule uvimbe au inatuama. Ikituama ingeweza kuganda na kumuua, basi apewe dawa. Ikipita aachwe, maana dawa yenyewe ina hatari zake.

Sasa, hapa tulikuwa na desturi ya uvivu. Uzito wa damu, ule wa kumiminika si wa mizani, ulikuwa namba moja tu, ile aliyoibandika ukutani mwalimu wetu, na kila mtu aliinakili. Ilifaa kwenye mishipa mikubwa, damu inakokwenda mbio. Nami nikainakili. Jibu likaja siku ileile: damu inapita.

Kabla sijalituma, Bi. Nyamizi akaja mwenyewe kuulizia. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Sokoni sijambo, kaka. Napima, nabishana na wateja. Nikirudi nyumbani, watoto wameshaondoka, nikikaa tu, ndipo kila kitu kinakuwa kizito. Kwako si hivyo?"

Uzito huo niliujua mno. Alipoondoka niliitazama tena picha ya kompyuta. Ndani ya uvimbe damu ilikuwa ikijikokota, nami nimeipa uzito wa damu inayokimbia! Chembe za damu zikienda polepole hushikana, damu ikawa nzito; zikienda mbio huachana. Nikachagua kanuni nyingine, ambayo ndani yake uzito hubadilika kufuata mwendo. Kompyuta ilihesabu siku nne. Ndani ya uvimbe, damu ilikuwa karibu imesimama.

Nikampigia daktari, nikamwambia nimeiacha namba ya mwalimu na jibu limegeuka.

"Damu ni ileile, Kihwelo," alisema. "Namba ya mwalimu ina kosa gani?"

"Ikikimbia ni maji, daktari. Ikisimama ni uji."

Akakubali: "Basi dawa anaanza leo."

Alimweleza mgonjwa kwa maneno hayohayo, na mgonjwa akayapeleka sokoni. Miezi kadhaa baadaye alikuja kunishukuru, siku ya Jumamosi, akanikuta peke yangu maabara nzima.

"Kaka," akasema, "na wewe wanakupima ukiwa mbioni. Kesho uje ule kwangu."

Nilikwenda. Niliketi sebuleni kwake bila kazi yoyote mkononi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike Sekela. Bi. Nyamizi alinisogezea maji ya kunawa.

Basi mkimwona mfiwa anachapa kazi na kucheka, msiseme ameshapoa. Nendeni mkamwone akiwa ameketi. Damu ikikimbia maji, ikisimama uji.