Shanga za Watoto wa Fisi

Simba alianza kufungua ghala lake kila Ijumaa, mwezi wa nne wa ukame. Kila familia ilipewa nyama kavu, fungu moja kwa kila mtoto. Mgawaji alikuwa Sungura. Fisi, baba wa watoto watatu, alichukua mafungu matatu, akaulizia la nne.

Nyumbani yalifika makombo.

"Mgao umepungua, mke wangu," alisema Fisi huku akijilamba. "Mfalme naye ana njaa."

Wiki ya tatu Bi Fisi alitazama viuno vya wanawe. Kwa desturi yao, mtoto huvishwa shanga kiunoni, na zikimbana, ni ishara kwamba anakua. Za kitindamimba zilikuwa zimeteremka hadi magotini. Bi Fisi hakulia. Alikwenda kwa Sungura.

"Shemeji, mbona mnatupunja?"

"Mafungu matatu kila Ijumaa, shemeji. Mumeo hubeba mwenyewe, hataki kusaidiwa."

"Nikimuuliza atasema kaibiwa njiani."

"Basi tusimuulize yeye. Tuulize kiuno chake."

Siku hiyohiyo Sungura alitangaza: Ijumaa, baba atakayevaa shanga, akala na wanawe, kisha akarudi nao alasiri, ataongezewa paja zima.

Fisi aliposikia paja, alijileta mwenyewe kwa mkewe.

"Usinikaze sana."

"Nimekuachia nafasi ya vidole viwili, baba watoto."

Ijumaa asubuhi Fisi alipokea mafungu yake, akajibanza nyuma ya kichuguu, akala yote matatu. Alasiri aliwaleta wanawe mbele ya Simba. Alipoinama kusalimu, uzi ulikatika. Shanga zikatawanyika hadi miguuni pa mfalme.

"Baba," alisema kitindamimba, akizishika zake magotini, "mbona zako hazishuki?"

Wanyama wakacheka. Simba hakucheka. "Fisi, nyama ya watoto iko wapi?"

"Uzi ulikuwa mbovu, Mfalme."

"Uzi ni mmoja," alisema Bi Fisi. "Niliukata vipande vinne. Vitatu vya watoto bado vizima."

Simba aliamuru mafungu yakabidhiwe Bi Fisi tangu siku ile. Paja walipewa watoto. Fisi alilibeba mpaka nyumbani, mkewe akitembea nyuma yake, akimkoholea kila lilipokaribia mdomo.

Mwisho wa mwezi uliofuata Bi Fisi alitunga shanga mpya, maana za zamani zilikuwa zinawabana watoto. Fisi alipakuliwa wa mwisho.

Kikulacho ki nguoni mwako.