Pasha wa Siku Tatu

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Marsa Zituna, kwenye pwani ya Mediterania, jina lake Tahar Belkasem. Kila mwaka watu wa mji ule walifanya tamasha la siku tatu, wakaigiza maisha ya bandari yao yalivyokuwa mwaka 1560. Wanaume walipiga vilemba, wanawake walisokota sufu hadharani, na punda wakashika nafasi ya magari. Mwaka huo Tahar alichaguliwa kuigiza Pasha, mtawala wa bandari. Joho lilipomkaa tu mabegani, akasahau kwamba ni maigizo.

Akatoa amri: kitu chochote ambacho hakikuwapo mwaka 1560 kiondolewe bandarini. Atakayekaidi atanyang'anywa kibanda, na tamasha likiisha asirudi tena. Ili pasiwe na ubishi, akamteua Mwalimu Sadoki, mstaafu aliyesomesha historia nusu ya mji, awe kadhi.

Watu walijua amri ile ilimlenga nani. Mbele ya hoteli ya Tahar palikuwa na kibanda cha Bi Mabruka, mjane aliyeuza supu ya samaki. Mahali pale alirithi kwa mama yake, na hakuwa na pengine pa kwenda. Kwa miaka sita Tahar alikuwa akitafuta njia ya kumwondoa, maana wageni wa hoteli walikuwa wakiziacha meza zake zenye vitambaa vyeupe, wakaenda kula kwa Mabruka wamesimama.

Asubuhi ya kwanza Pasha akafika na askari wawili wenye mikuki ya mbao, umati nyuma yake. Akafunua sufuria.

"Nyanya," akasema. "Mwaka 1560 nyanya zilikuwa hazijafika kwetu."

Kadhi akakiri kuwa ni kweli. Mabruka hakubisha. Akawagawia wale askari wawili supu yote, wakainywa mpaka tone la mwisho, naye akabandika nyingine ya vitunguu na zafarani.

"Na ndoo hii ya plastiki?"

Mabruka akawamimina samaki kwenye chungu, ndoo akaipeleka nje ya lango la bandari.

"Na hiyo miwani uliyovaa?"

Hapo kadhi akakohoa. Akaeleza kwamba ng'ambo ya bahari watu walikuwa wakivaa miwani zaidi ya karne mbili kabla ya mwaka huo. Watu wakaanza kucheka chinichini, na Pasha akaishiwa na subira.

"Sitaki maneno mengi, mama. Ondoka. Kibanda chako kinaziba mlango wa hoteli yangu."

Mabruka akauweka upawa chini. Kisha akamgeukia kadhi, akamuuliza kwa adabu: mwaka 1560, hapo nyuma ya kibanda chake palikuwa na nini?

Mwalimu Sadoki akaitazama hoteli, ghorofa zote nne, kuanzia paa mpaka mlangoni. Akasema palikuwa na ufuo mtupu, watu wakianika nyavu.

"Basi anza kuibomoa, Bwana Pasha," Mabruka akasema. "Ukimaliza njoo unywe supu, utakuwa umechoka."