Mkutano Uliohudhuriwa na Kwato

Mwaka ule mvua ilipopita juu ya nyika bila hata kubisha hodi, chemchemi ya Mkuyuni ilikauka. Hapo ndipo ilipokuwa zahanati ya wanyama, na dawa zake zote zilikuwa za kukorogwa kwa maji. Kwamba zahanati ihame, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa ihamie wapi.

Simba, mfalme wa nyika, alikuwa na amri yake ya siku nyingi: huduma ya afya isisogezwe hata hatua moja kabla wanaoitumia hawajaitwa na kuulizwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuugua, au tuseme hakuwahi kukiri. Lakini amri ilikuwa yake, na alipenda sana kuisikia ikisomwa. Kila aliyehudhuria mkutano alikanyaga bamba la udongo mbichi, bamba likaanikwa, likapelekwa kwa mfalme. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahudhurio.

Kazi ya kuita na kuuliza ilikuwa ya Fisi, Bwana Afya. Naye alikwisha kuchagua mahali: Korongoni, nyuma ya pango lake, mwendo wa nusu siku juu ya mawe makali. "Mzima atafika," alijisemea. "Mgonjwa atafika akihema. Mahututi, je..." Hapo mate yakamjaa, akashindwa kumaliza.

Wa kwanza kujua alikuwa Bi Swala. Alimleta mwanawe, aliyebanwa kifua na kunyweshwa dawa kila asubuhi, akakuta vyungu vimeshafungwa kamba.

"Bwana Afya, kulikoni?"

"Tunahamia Korongoni, mama. Mkutano umeshapita."

"Mkutano gani? Nani katuita?"

"Tangazo lilibandikwa siku kumi na nne, kama utaratibu unavyotaka."

"Lilibandikwa wapi?"

"Pangoni kwangu. Ukutani, upande wa ndani."

"Na nani huingia kwako?"

"Wengi tu huingia," alisema Fisi, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Juu ya kutoka hakusema neno.

"Mwanangu hafiki Korongoni, Bwana Afya. Atanizimikia njiani."

"Mama, mgonjwa haulizwi uji. Tukianza kumuuliza na zahanati, tutamaliza lini?"

Bi Swala alipewa dawa ya siku mbili, akaambiwa ya tatu ataifuata huko huko. Akaenda moja kwa moja kwa Sungura, aliyekuwa amejilaza anajipepea kwa sikio lake mwenyewe.

"Kaka Sungura, nina siku mbili tu."

"Siku mbili ni nyingi, shemeji. Fisi hajawahi kuficha kitu siku mbili bila kukila."

Kesho yake asubuhi, mbele ya baraza lote, Fisi aliweka bamba lake miguuni pa mfalme. Lilikuwa limejaa alama za kwato, kubwa kwa ndogo, zimepangwa vizuri kuliko wanyama walivyowahi kujipanga.

"Wajumbe arobaini, Mtukufu. Wote wameafiki Korongoni."

"Arobaini!" Simba alitikisa manyoya ya shingo. "Mnaona? Amri yangu inatiiwa."

Sungura alilizunguka bamba, akainama, akaguna kwa heshima. "Hongera, Bwana Afya. Mimi nikiita mkutano, huja wawili, na mmoja wao huwa amepotea njia. Hebu nikumbushe, ukwato huu wenye ufa katikati ni wa nani?"

Fisi aliukodolea macho. Hakujua.

"Si wa Mzee Kongoni huu?" Sungura akamsaidia. "Ule ufa alioupata alipopiga jiwe teke?"

"Naam! Ndiye!" Fisi alishusha pumzi. "Alichangia sana yule mzee. Alisema, 'Korongoni ni karibu, hata mimi na umri wangu nimefika bila kuchoka.'"

Kisha kutoka nyuma Bi Kongoni, mke wa mzee huyo, akasema taratibu, "Kama alikuwa hachoki, mbona hakupita nyumbani? Nimekaa eda yake tangu masika."

"Na mimi nilikula pilau ya arobaini yake," alisema Sungura. "Nilirudia mara mbili. Mtukufu, angalia tena bamba. Wajumbe arobaini wamekanyaga mguu mmoja mmoja. Wameingia, hakuna aliyetoka, kama wageni wa pango la Bwana Afya."

Twiga, kwa hatua zake ndefu, akatumwa mbio kuchungulia pangoni. Alirudi na fungu la kwato za zamani, zote zimekaukiwa na udongo wa jana. Fisi alikuwa amezigonga bambani moja baada ya nyingine kama mihuri. Jina la Mzee Kongoni hakulijua, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuuliza: hakuwauliza wagonjwa, na hakumuuliza hata yule aliyemla.

Simba alinguruma mpaka vumbi likatimka. "Amri yangu inasema wanaoitumia zahanati! Wafu wanaitumia nini?"

Mkutano wa kweli ulifanyika papo hapo, juani, na ulichosha kama mikutano ya kweli inavyochosha. Kobe aliomba kusema wa kwanza, akafika mbele wa mwisho. Ngiri alilalamikia mambo ambayo hayakuwa kwenye ajenda. Lakini Tembo alisema ana kisima alichochimba Magugani, na Bi Swala akasema Magugani mwanawe anafika kwa miguu yake. Wote wakakanyaga udongo, safari hii kwa miguu iliyokuwa na wenyewe juu yake.

Vyungu vilihamishwa siku hiyo hiyo, mgongoni mwa Fisi. Asubuhi ya tatu mtoto wa Swala alikunywa dawa yake Magugani, akakunja uso, akaomba maji.

Fisi hakufukuzwa kazi. Simba aliamuru tu kwamba tangu siku hiyo kila mkutano autangaze mwenyewe, kwa mdomo, nyika nzima, boma kwa boma. Ndiyo maana mpaka leo unamsikia akizunguka huku na huko, "Uuuu-wi! Uuuu-wi!" Anaita watu mkutanoni. Hawaji, lakini safari hii angalau wameambiwa.

Njia ya mwongo ni fupi.