Sufuria ya Ndizi na Mnara wa Nyamisheshe

Hii nimeletewa na shemeji yangu, naye aliipata kwenye kundi la kwaya. Isome mpaka mwisho, kisha mpelekee yule ndugu yako ambaye kila akibishana husema, "Vipimo vimeonyesha."

Juu ya kilima cha Nyamisheshe ulisimama mnara wa redio, mrefu kuliko kitu chochote wilayani. Mvua ikija, radi haikuhangaika kutafuta pa kushukia. Iliupiga mnara, na nyumba za jirani zikatikisika.

Profesa Muganyizi alitaka kujua jambo moja: radi inapopiga kitu kirefu namna ile, nguvu ya umeme inayosambaa hewani hufika wapi na kwa ukali gani? Akaweka vyombo vitatu katika nyumba tatu kuzunguka kilima. Kila chombo kilikuwa sahani ya alumini inayong'aa, imesimamishwa uani juu ya mguu wa chuma, na waya wake ukaingia kwenye kisanduku cha kuandika vipimo.

Chombo cha tatu aliachiwa Mama Kagemulo, mjane mwenye shamba la migomba.

"Mama, kitunze kama yai," profesa alimwambia.

"Usiwe na wasiwasi, Profesa. Hata kuku hatakigusa."

Ikapita misimu minne ya mvua. Profesa akakusanya vipimo vyake, na kijiji kikaitwa mkutanoni. Jambo lenyewe lilikuwa zito. Walitaka kujenga shule ya watoto wadogo, na mwenyekiti alimwomba profesa awaambie ni wapi radi haitawafuata watoto.

Profesa akatundika karatasi ukutani. Nyumba mbili za kwanza zilikuwa na mistari mirefu kila tarehe ambayo mnara ulipigwa. Ya tatu, mstari umelala kama maji ya mtungini.

"Kwa Mama Kagemulo ndiko kwenye usalama," alisema. "Nadhani mgongo wa kilima unakukinga. Mnara ukipigwa, kule hakufiki kitu."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamwomba Mama kipande cha shamba, na papo hapo akatangaza kwamba shule itaitwa kwa jina lake. Mama alifurahi, tena sana. Hakujaliwa mtoto, na hakuwahi kudhani kuna siku watoto wangelitaja jina lake.

Lakini macho yake yalibaki kwenye karatasi. Akaona tarehe kumi na mbili Aprili. Siku hiyo aliikumbuka vizuri: mnara ulipigwa alasiri, redio yake ikaungua, na mbuzi aliyekuwa amefungwa kwenye uzio wa waya akafa.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Ila aliwafikiria watoto, roho ikamuuma, akasimama.

"Profesa, karatasi yako inasema siku ile kwangu kulikuwa kimya. Mbona mbuzi wangu alikufa?"

"Mama, chombo hakidanganyi," profesa alijibu kwa upole. "Labda mbuzi alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mzima, anatafuna maganda ya ndizi. Na redio, nayo ilikuwa mgonjwa?"

Profesa akakuna kichwa. "Siku hiyo chombo kilikuwa mahali pake?"

"Palepale. Tena nilikuwa nimekifunika vizuri."

"Ulikifunika na nini?"

"Na sufuria yangu ya ndizi, ile kubwa. Radi ikianza tu kunguruma, nakifunika."

Profesa akakaa chini. Sahani ile huhisi umeme ikiwa wazi. Chini ya sufuria, ambayo huuzuia umeme, haihisi chochote. Misimu minne mizima, alikuwa anapima ndani ya sufuria.

"Lakini kwa nini, Mama?"

"Kwetu radi ikilia tunafunika vioo na kila kinachong'aa. Nawe uliniambia nikitunze kama yai. Ningekiacha hivihivi?"

Watu walicheka hadi machozi. Profesa hakucheka.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimekuja kwako mara nane, na sikukuuliza hata siku moja mvua ikinyesha unafanya nini."

Ujenzi ukasimamishwa. Msimu uliofuata sahani ilikaa wazi, na sufuria ikabaki jikoni. Mnara ulipopigwa mara ya kwanza, chombo cha Mama Kagemulo kiliandika mstari mrefu kuliko vyote vitatu.

Shule ikajengwa bondeni, mbali na kilima, ikapewa jina la bonde. Mama Kagemulo hupita hapo akienda sokoni. Watoto wakimwona humkimbilia, wanamwita Bibi Sufuria, naye huitika.

Funzo: Kabla hujaapa kwamba chombo hakidanganyi, muulize anayeishi nacho. Nawe unayejua ukweli, useme, hata kama kunyamaza kungekupa sifa.