Ndoo ya Kwanza ya Mkuyuni

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi bali hii ya kwaya na vipaza sauti, palikuwa na usharika milimani Upare uliompenda Mungu sana, na viumbe vyake kiasi. Chini ya kanisa ilibubujika chemchemi ya Mkuyuni, kivulini mwa mikuyu mitatu.

Askofu akatangaza kwamba angekuja kuhubiri juu ya utunzaji wa miti. Furaha iliyoje! Namkunda, mkuu wa wapishi, alihitaji kuni za kupikia pilau la watu mia nne. Mnadhani alizipata wapi? Mikuyu ikaangushwa yote mitatu. Askofu akahubiri miti, akala pilau, akalisifu. Mchungaji Elirehema naye akapanda mikaratusi palepale kwenye maji, maana hukua upesi, ili askofu akirudi akute msitu.

Msitu akaupata. Ukainywa chemchemi mpaka likabaki tope. Mjukuu wa Namkunda akanywa maji ya bwawani, akaharisha nusura afe. Dhamiri ikamsuta bibi yake. Akapanda miche ya mikuyu kandokando ya chemchemi, akawa anaimwagilia kwa maji ya kubeba kichwani kila Jumapili, siku pekee asiyokwenda shambani. Wazee wa kanisa wakamtenga kwa utoro wa ibada, na mjukuu akakosa ubatizo. Kutunza bustani ya Mungu saa ya ibada, ujeuri gani huo!

Siku moja Senkondo, mchoma mkaa, akaikata mikaratusi yote bila kumwuliza mtu. Alitaka mkaa wake tu. Masika mawili yakapita, maji yakarudi.

Askofu naye akarudi. Akasema, "Anayestahili achote ndoo ya kwanza, na mtoto wa nyumba yake abatizwe kwa maji hayo leo."

Senkondo akawahi. "Baba Askofu, shoka langu ndilo lililorudisha maji. Hawa walikuwa wanaimba."

"Visiki vilichipua," akasema mchungaji. "Vingeyanywa tena. Nilitubu kosa langu madhabahuni, nikawaongoza washarika kung'oa machipukizi kila Jumamosi, miaka miwili."

Namkunda akasogea mbele. Alitaka mtoto yule abatizwe kuliko alivyotaka kusifiwa. "Baba, maji haya yanashikwa na mikuyu yangu. Nilikata mitatu, nimeotesha thelathini. Nilipoikata kwa ajili ya pilau lenu mlinipigia makofi. Nilipoirudisha mkanitenga."

Askofu akakohoa. Pilau alilikumbuka vizuri. Akabaki ameishika ndoo, hajui ampe nani.

Haya, nyinyi mlioshiba na kunisikiliza. Yupo aliyeyaokoa maji kwa tamaa yake, yupo aliyetubu hadharani akaongoza wengine, yupo aliyetengwa akirudisha alichoharibu. Je, nani alistahili ndoo ile? Na aliyekula pilau, tumweke wapi?