Msemaji wa Jumanne

Palitokea Tanga tajiri mmoja wa mikate, Mzee Badi, aliyekimbiwa na wateja hata kampuni ya uhusiano wa umma aliyoikodi ikachoka kumsafisha. Leo kampuni inamsifu redioni, kesho yeye mwenyewe anamfokea mteja dukani: “Mkate wangu si mdogo, mdomo wako ndio mkubwa!”

Ndipo akaja Bi Mwantumu. “Waache hao, Mzee. Niajiri mimi niwe mkuu wako wa mawasiliano, Jumanne tu.”

“Siku moja kwa wiki? Kwa mshahara gani?”

“Ule ule unaowalipa wao, wateja wakirudi. Wasiporudi, sitaki hata andazi. Ila atakayekuuliza lolote, mwambie, ‘Msemaji wangu anakuja Jumanne.’ Usiongeze neno.”

Mzee Badi alikubali huku akicheka. Mwezi haukuisha, foleni ya wateja ikafika barabarani.

Akamkabidhi bahasha yake shingo upande. “Lakini Bi Mwantumu, kila Jumanne nakuona umekaa tu, unakunywa chai. Kazi yenyewe uliifanya lini?”

Bi Mwantumu akaitia bahasha kwenye pochi. “Zile siku sita, Mzee, ulipokuwa umenyamaza.”