Bandeji za Mhina

Mkono uliopiga haujifungi bandeji. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo asubuhi, mkacheka: methali gani hii yenye bandeji kama zahanati! Haya, sogezeni mkeka. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Mhina alikuwa mtu wa kupigana. Tulikaa kambi ya mkonge karibu na Muheza, nyumba ya tatu kutoka bombani, na haikupita wiki bila mtu kuja mlangoni kwetu na jino lake kiganjani. Siku moja, amelewa, akachukua panga amfuate mwenzake. Mama akasimama mlangoni.

"Hutoki, mwanangu."

Mhina akampiga. Mkono wa kushoto wa Mama ukavunjika, ukapona umepinda kama mpini wa jembe bovu. Tangu siku ile Mama hakumsemesha, naye akahamia kwa makapera.

Huko akaokotwa na Mzee Kupaza, fundi wa mashine ya mkonge, aliyefundisha vijana ngumi nyuma ya ghala. Akamkataza pombe, akampa kamba ya kuruka na gunia la makapi ya mkonge la kupiga. Mwaka mzima Mhina hakumgusa mtu. Lakini mzee alikuwa na sharti lake: hapandi mtu ulingoni Jumapili mpaka afungwe bandeji za ngumi mikononi na mtu wa kwao, ili akumbuke anakorudi. Wenzake walifungwa na mama zao, na wake zao. Mhina alikaa tu, bandeji mapajani.

"Bwana Mhina," wakamtania, "umekuwa bibi harusi, unangoja kupambwa?"

Akatuma wazee wakamwombee msamaha. Mama akawapa chai, hakuwapa jibu. Jumapili moja akajifunga mwenyewe kwa meno, akapanda. Raundi ya kwanza haijaisha, bandeji zikafumuka, zikaburuta chini kama utumbo wa kuku. Watu walicheka wakashika mbavu. Mzee Kupaza akamshusha.

"Mkono uliopiga haujifungi bandeji, kijana. Wala hautumi wazee. Nenda mwenyewe."

Akaja Jumapili iliyofuata. Mama alikuwa kitandani, kifua kimembana wiki ya pili, mimi namnywesha uji. Akamtazama.

"Umekuja kuumaliza na mkono huu mwingine?"

Mhina akapiga magoti, akaziweka bandeji juu ya shuka. "Nimekuja unifunge, Mama."

Mama alizitazama bandeji mpaka uji ukafanya utando. Kisha akasema, "Lete." Akazungusha kwa mkono mzima, ule uliopinda ukikandamiza, Mhina ameshika ncha kwa meno, machozi yanalowesha kitambaa.

"Mtu akianguka usimwongezee," akamwambia. "Ukimaliza, uje nikufungue."

Alishindwa kwa pointi. Akarudi mbio, anacheka, uso umevimba, akawakuta wanawake wa kambi wamekaa nje wamejitanda kanga.

Kesho yake alishuka kaburini kumpokea Mama, bandeji zile zile zingali mikononi. Kila aliyetaka kumvua alimwambia, "Nimeahidiwa kufunguliwa." Hata kula nilimlisha. Siku ya tatu akaninyooshea mikono, nami nikamfungua taratibu. Vidole vilikuwa vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtoto aliyekaa sana majini. Mikono ile haikumpiga tena mtu nje ya ulingo mpaka nayo ilipozikwa.

Basi wajukuu zangu, mkimkosea mtu, nendeni wenyewe, tena mapema. Mkono uliopiga haujifungi bandeji.